Breki za Kumbebea Mama Mkwe

Kwa miaka ishirini na sita mama mkwe wa Kiganja hakuwahi kupanda gari lililopita mikononi mwa Kiganja, na wala hakulifanya jambo hilo siri. Alilisema kwenye vikao vya wanawake, alilisema sokoni akichagua nyanya, na siku moja alilisema msibani, watu wakashindwa kujua walie au wacheke. "Mkwe wangu ni fundi breki," alikuwa akisema, "ndiyo maana mimi natembea kwa miguu."

Jina la Kiganja alipewa na mafundi wenzake. Kabla hajafunga kifaa chochote mahali pake, alikuwa na mazoea ya kupitisha kiganja cha mkono juu ya chuma, macho ameyafumba, kama mtu anayempapasa mtoto mwenye homa. Chembe ya mchanga, mkwaruzo, kutu iliyojificha, vyote kiganja kilivijua kabla ya macho. Gereji yake ilikuwa banda la bati lenye shimo moja la kuingilia chini ya gari, kabati la spana lililopakwa rangi ya kijani, na ubao alioandika mwenyewe: BREKI TU. Waliomletea injini aliwaelekeza kwa wengine bila kinyongo. Hakuwa mtu wa tamaa. Gari likiondoka na kusimama pale dereva alipotaka lisimame, yeye siku yake ilikuwa imekamilika, akala chakula chake kwa raha.

Tatizo lilikuwa ni huyo mama mkwe tu. Na tuseme kweli, mama hakuwa amezua.

Wiki chache baada ya harusi, Kiganja alikwenda ukweni kusalimia. Kijana aliyeoa juzi hapendi kufika ukweni kwa miguu, kwa hiyo alikwenda na pikapu ya mteja, ambayo asubuhi ileile alikuwa ameitengeneza breki ya mkono. Nyumba ya wakwe iko kwenye mteremko. Aliegesha juu kidogo ya ua, akavuta breki ya mkono, na baba mkwe, mzee mpole asiyependa makuu, akaja na jiwe amelibeba kwa mikono miwili, akalisukuma chini ya tairi. Chai ilikuwa haijapoa pikapu ilipoondoka yenyewe. Iliruka jiwe, ikapita katikati ya kamba za kuanikia, ikabeba mashuka mawili, ikaingia jikoni kwa mama mkwe kupitia ukutani. Hakuna aliyeumia. Ila jiko la nje lilibaki na kuta tatu.

Watu walitoka mbio, wakamtazama Kiganja. Naye, ujana ukamponza, akasema, "Jiwe lilikuwa dogo."

Baba mkwe akainamisha kichwa, akaomba radhi. Ukuta aliujenga upya mwenyewe, na tangu siku hiyo mpaka anaingia kaburini, kila walipokutana alikuwa akisema, "Mkwe, lile jiwe lilinitia aibu." Kiganja alikuwa anajua. Siku ileile alilala chini ya pikapu akaiona nati ya kebo ya breki ya mkono ikining'inia, haikukazwa. Aliikaza, akanyamaza. Mwanzoni alinyamaza kwa woga, baadaye akanyamaza kwa sababu alikuwa ameshanyamaza, na kila mwaka uliopita ulilifanya neno lile kuwa zito zaidi. Hata mkewe hakumwambia.

Basi, mama mkwe alikuwa na mdogo wake mmoja tu aliyebaki hai, anayeishi ng'ambo ya vilima. Hawakuwa wameonana kwa miaka mitatu. Mdogo mtu miguu ilikuwa imemgomea, na mama mwenyewe magoti yake hayakuwa yakiafikiana na viti vya basi. Walikuwa wakizungumza kwa simu kila Jumapili, kila mmoja akimpigia kelele mwenzake kwa kuwa wote wawili masikio yalikuwa yameanza kuaga. Mke wa Kiganja, mshonaji wa sare za shule, alimbembeleza mama yake miezi na miezi akubali kupelekwa kwa gari lao dogo. Jumatatu moja, bila kutarajiwa, bibi huyo akalainika.

"Jumamosi," alisema. "Ila kwanza mlipeleke gari kwa fundi wa breki."

"Mama, fundi wa breki si ndiye mkweo?"

"Mimi nimesema fundi wa breki."

Mkewe alipomletea habari hizo, Kiganja alicheka mpaka akakaa chini. Lakini alifurahi, tena sana. Alikwenda dukani akachagua diski mpya za magurudumu ya mbele, zile sahani za chuma zinazobanwa na breki, pamoja na pedi zake, akazibeba nyumbani kama mtu aliyebeba mayai. Zile za zamani zilikuwa bado zinafaa. Yeye alitaka mama mkwe abebwe kwa breki ambazo hazijawahi kumbeba mtu.

Mkewe naye alikuwa na lake. Alimnunulia glavu, nyeusi, za kubana vidoleni. "Jumamosi utamshika mama mkono," alimwambia. "Huwezi kumpa mkono wenye grisi kwenye kucha. Uzivae wiki nzima." Kiganja akazivaa. Mwanamume akiambiwa jambo la mama mkwe na mkewe, hana la kujadili.

Jumatano alasiri kazi ilikwisha. Alifungua magurudumu, akatoa diski za zamani, akasugua kutu kwa brashi ya waya kwenye habu, ule uso wa chuma ambao diski huegemea, akafunga mpya, akakaza nati kwa mpangilio wa nyota kama alivyofundishwa. Kisha akamwita mkewe waende kulijaribu, mkewe kwenye usukani, yeye pembeni. Walipanda mpaka kwenye tangi la maji, wakageuza, wakashuka. Gari lilikwenda kimya, usukani umetulia. Chini ya mteremko mkewe akakanyaga breki.

Usukani ukaanza kutetemeka. Mkewe akaachia, ukatulia. Akakanyaga tena, ukatetemeka tena, na pedali ikawa inapiga-piga chini ya mguu wake.

"Baba watoto," alisema taratibu, "hili gari linanikataza."

"Diski mpya hizo. Zinahitaji kuzoeana na pedi."

"Utazizoeza wewe. Mama yangu hapandi humu."

Ubaya ni kwamba mama alipiga simu jioni ile kuuliza avae viatu gani, na binti yake hajui kusema uongo. Alimwambia gari linatetemeka kidogo. Upande wa pili bibi akasema, "Haya. Nilikuwa nimeshakunja nguo, ngoja nizikunjue." Akakata. Kiganja alisikia yote kutoka mezani. Chakula kikamshinda, na hilo kwake si jambo dogo.

Alhamisi alifungua gereji mapema. Jirani yake kazini alikuwa fundi umeme wa magari, mtu mwenye maneno mengi na nyaya nyingi, ambaye alikuja na kikombe chake kama kawaida na kusikiliza kisa chote amesimama mlangoni.

"Diski mbovu hizo," fundi umeme alitoa hukumu bila kuinama. "Zimepinda. Siku hizi wanauza vitu gani? Zirudishe dukani ukawake. Mwenye duka anakuogopa, atakubadilishia."

Kiganja alitamani sana iwe hivyo. Alijiona kabisa yuko kaunta, diski mkononi, amekunja uso. Lakini alikuwa amewaona mafundi wengi wakirudisha diski nzima dukani na kufunga nyingine, nazo zikatetemeka vilevile, na mteja akalipishwa ujinga wa fundi mara mbili. Akasema, "Ngoja kwanza niziulize zenyewe."

Akaanza kuondoa washukiwa mmoja mmoja. Tairi zilikuwa hazina kosa, maana gari lilitulia pale lisipofunga breki, na tairi isiyo na mizani haingojei breki ili isumbue. Alilinyanyua kwa jeki, akashika gurudumu juu na chini akalitikisa asikie kama beringi imelegea. Haikulegea. Nati zilikuwa zimekazwa sawasawa. Akatoa gurudumu la kulia, kisha akatoa kutoka kabatini kipimo chake cha sindano, kifaa chenye uso kama wa saa, alichokifunga kwa kitambaa cha kanzu yake kuukuu na ambacho hakuna aliyeruhusiwa kukigusa. Alikiegemeza kwenye diski, akaizungusha polepole. Sindano ilicheza mistari mitatu tu. Yeye huruhusu mitano. Gurudumu la kulia halina dhambi.

Upande wa kushoto sindano ilipanda mistari kumi na miwili.

"Si nilikwambia?" fundi umeme alisema. "Imepinda."

"Imeyumba," Kiganja alimjibu. "Kuyumba ni kitu kingine. Mtu anaweza kuyumba kwa sababu kiti ni kibovu."

Hapo ndipo alipofanya lile jambo ambalo mafundi wengi hulivuka kwa uvivu. Alichukua chaki, akaweka alama kwenye diski pale sindano ilipopanda zaidi, na alama nyingine kwenye boliti ya habu iliyokuwa karibu na hapo. Alifungua diski, akaisogeza matundu mawili mbele, akaifunga tena, akapima upya. Kama kosa ni la diski, sindano ingepanda kwenye chaki ya diski, popote ilipohamia. Kama kosa ni la habu, ingebaki palepale kwenye boliti.

Alizungusha taratibu. Chaki ya diski ikapita chini ya sindano, sindano haikujali. Boliti ilipofika, sindano ikapanda mistari kumi na miwili.

Fundi umeme alikunywa chai yake.

Kiganja akatoa diski. Uso wa habu ulionekana safi, unang'aa kwa brashi. Alivua glavu ya mkono wa kulia, akafumba macho, akapitisha kiganja. Lilikuwa hapo, kwenye shina la boliti: gamba la kutu jembamba, dogo kuliko ukucha wa mtoto, limelazwa na brashi badala ya kung'olewa, likang'arishwa lionekane chuma. Kitu kidogo namna ile kikiwekwa chini ya diski, diski inakaa upande, na kila ikizunguka inazisukuma pedi huku na huku.

Akaitazama ile glavu. Miaka yote hiyo hakuwahi kufunga diski bila kuipapasa habu kwa ngozi yake, ila siku ile aliyokuwa akimtengenezea mama mkwe. Ametaka kwenda kwake na mikono safi, mikono safi imemponza. Alicheka kidogo, kisha kicheko kikamwishia, kwa sababu aliona kosa hili nalo lilikuwa lake mwenyewe, kama lile la nati.

Kuliondoa gamba ilikuwa kazi ya dakika tano. Alilikwangua kwa patasi ndogo, akasugua kwa msasa, akapapasa, akasugua tena. Sindano ikacheza mistari minne. Mkewe alikuja akaliendesha gari kutoka kwenye tangi la maji mara tatu, akifunga breki kwa nguvu na kwa upole. Mara ya tatu aliushika usukani kwa vidole viwili tu, gari likasimama kimya.

"Limepona," alisema, na akamshika mumewe bega. "Nimpigie mama?"

"Nitakwenda mwenyewe kesho."

Fundi umeme alikuwa na ushauri kwa hilo pia. "Mwambie diski zilikuwa mbovu, umebadilisha. Nani atajua?"

"Ndiyo shida yenyewe," Kiganja alisema. "Hakuna atakayejua."

Ijumaa alasiri alipanda mteremko kwa miguu. Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye jiko la nje, akichambua mchele kwenye ungo, mgongo wake kwenye ule ukuta wa nne ambao matofali yake hayakuwahi kulingana na ya wenzake. Kiganja akamwamkia, akajibiwa, akaonyeshwa kigoda. Mikono yake ilikuwa na grisi kwenye kucha.

"Nimeambiwa linatetemeka," bibi alisema.

"Lilikuwa linatetemeka, mama. Sasa halitetemeki. Kosa lilikuwa langu. Nilifunga diski juu ya kutu ambayo sikuiona. Ningeipapasa kama nipapasavyo siku zote ningeijua, ila nilikuwa nimevaa glavu."

"Diski zenyewe?"

"Hazina kosa."

"Mwenye duka?"

"Hana kosa. Ni mimi."

Bibi aliendelea kuchambua. Aliokota kijiwe, akakitupa uani. Alikuwa na subira ya mtu aliyengoja kwa muda mrefu na anaweza kungoja zaidi. "Na lile la kwanza?" akauliza.

Kiganja alikuwa ameyapanga maneno ya diski njia nzima. Ya hili hakuwa ameyapanga. Kwa mara ya kwanza tangu awe mtu mzima aliona machozi yanamkaribia mbele ya mkwe wake.

"Ilikuwa nati, mama. Ya kebo. Sikuikaza. Niliiona siku ileile. Jiwe halikuwa na kosa, wala baba hakuwa na kosa. Alikufa akidhani ni yeye, na mimi nilimwacha adhani. Hilo linaniuma kuliko yote niliyowahi kuharibu."

Ungo ulisimama.

"Yeye hakudhani," bibi alisema. "Mume wangu alichimba mawe miaka thelathini. Kwamba jiwe linaweza kushika gari au haliwezi, alilijua kuliko wewe. Na pikapu aliichungulia chini kabla yako. Lakini alisema, huyu kijana ameoa juzi, tukimwaibisha leo hatarudi tena, na binti yetu atakuja peke yake. Akasema aibu ataibeba yeye, wewe utaitua mwenyewe siku ukiweza. Alikukumbusha kila mlipokutana. Mimi nikamwambia, basi na mimi sipandi gari lake mpaka siku hiyo. Jumatatu nililegea kwa ajili ya mdogo wangu tu."

Kiganja aliinamisha kichwa. Alikuwa anazihesabu zile salamu zote, "Mkwe, lile jiwe lilinitia aibu," na kila moja sasa ilikuwa na mlango ambao hakuuona.

Bibi akasogeza ungo mpaka kwenye magoti ya Kiganja. "Chambua na huu upande," alimwambia. "Macho yangu yananidanganya." Wakachambua mchele mpaka ukaisha, na hawakuzungumza tena habari za magari.

Jumamosi asubuhi bibi alitoka amevaa viatu vyake vya harusini, amejifunga kitambaa kipya, na kapu la mdogo wake mkononi. Binti yake alifungua mlango wa nyuma, yeye akaupita, akafungua wa mbele, akaketi kando ya dereva. Alijifunga mkanda mwenyewe, akauvuta mara mbili kuhakikisha. Kiganja akawasha gari, wakaanza kushuka mteremko, na chini kwenye njia panda alikanyaga breki kama anayekanyaga yai. Gari likasimama kimya. Bibi alikuwa amekazia macho usukani. Haukutikisika.

Kulia ndiko kuliko na barabara ya vilimani. Kiganja akawasha taa ya kukata kulia.

"Kata kushoto," bibi alisema.

"Kushoto ni sokoni, mama. Tutazunguka sana."

"Najua ni sokoni." Alishusha kioo mpaka mwisho, akarekebisha kitambaa chake kichwani, akaweka kiwiko dirishani. "Nimewaambia watu wengi sana habari zako. Twende polepole, wanione."